Mzazi Akijitolea katika Shule ya Dini, Anamtumikia Mtoto wa Nani?

Barua ya shule ya dini inayowaomba wazazi msaada huwa na umbo moja, iwe shule inaendeshwa na parokia, msikiti, sinagogi au hekalu. Huanza kwa salamu za imani, hutaja kazi zilizopo, kama vile kupanga vitabu vya maktaba, kuwavusha watoto barabara asubuhi, kuandaa mahafali au kuwasikiliza wadogo wanaoanza kusoma, kisha humalizia kwa dua kwamba Mwenyezi Mungu atawalipa watakaojitokeza. Ni hiyo dua ya mwisho inayoitenga na barua ya shule nyingine yoyote. Shule ya kawaida inapomwomba mzazi ajitolee, inaomba muda wake. Shule ya dini inaomba muda ule ule, lakini inauita ibada, na neno hilo likishatamkwa, anayekuja huonekana mzazi mwema na muumini mwema kwa pamoja, na yule asiyekuja huanza kutiliwa shaka kwa mambo mawili badala ya moja.

Naamini kazi ya wazazi katika shule hizi ina thamani kubwa kuliko shule zenyewe zinavyoitambua, ila kipimo chake kimewekwa mahali pasipo pake. Tunamhesabu mzazi aliyekuja, saa alizokaa na bidii aliyoionyesha, ilhali swali lenye uzito ni hili: mtoto ambaye mzazi wake hajawahi kukanyaga shuleni amepata nini kutokana na kazi hiyo?

Tuanze na yale yanayojulikana kuhusu faida. Mwaka 1987 mwanasosholojia wa Marekani James Coleman, pamoja na mwenzake Thomas Hoffer, walitafuta sababu iliyowafanya wanafunzi wa sekondari za Kikatoliki nchini humo kuacha shule kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Jibu lao lilitoka nje ya darasa. Walisema kwamba familia zilizoizunguka shule hizo zilikuwa zikikutana kwa mambo mengine pia, hasa ibada, hivyo mzazi alimfahamu rafiki wa mwanawe na akawafahamu wazazi wa rafiki huyo. Kijana aliyetoroka vipindi hakuwa amemkwepa mama yake peke yake. Alikuwa na macho manne au sita ya kuyakwepa, na habari zake zilifika nyumbani kabla yake. Coleman aliueleza uhusiano huo kuwa mduara uliofungika kati ya vizazi viwili, na akaona kuwa nguvu ya kanuni za shule inatoka kwenye mduara huo zaidi kuliko kwenye ubao wa matangazo.

Ukilitazama jambo hili kwa jicho hilo, mzazi anayejitolea kupanga viti vya mkutano anafanya kazi mbili, na ile ya viti ndiyo ndogo. Kubwa ni kwamba anayapata majina. Anajua kuwa yule mrefu mwenye kucheka ovyo ni mtoto wa nani, na kesho akimwona mahali asipotakiwa kuwapo, anajua la kufanya. Shule haiwezi kuajiri mtu wa kazi hiyo, kwa sababu akishaajiriwa anakuwa mlinzi, na watoto huishi na walinzi kwa namna tofauti na wanavyoishi na mama wa rafiki yao.

Hata hivyo, mduara una ndani na una nje. Mwaka 1999 wanasosholojia Stephen Morgan na Aage Sørensen waliipinga hoja ya Coleman kwa kutofautisha shule inayosimamia kanuni, ambamo wazazi wanafahamiana wao kwa wao, na shule inayopanua upeo, ambamo wazazi wana mahusiano zaidi na watu wa nje ya shule, na wakahoji kama wazazi kufahamiana kwa karibu kunainua masomo ya hisabati jinsi ilivyodhaniwa. Nao Nancy Hill na Diana Tyson, waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2009 kuhusu wanafunzi wa umri wa kuingia ujana, walikuta kwamba kinachohusiana zaidi na maendeleo ya masomo ni mazungumzo ya nyumbani kuhusu thamani ya elimu na matarajio ya baadaye. Kuhudhuria na kusaidia shuleni kulikuwa na uhusiano mzuri lakini mdogo zaidi. Keith Robinson na Angel Harris walikwenda mbali kuliko hapo mwaka 2014, wakadai kwamba namna nyingi za wazazi kujihusisha haziongezi alama kama walimu wanavyowahubiria wazazi. Mzazi anayejitolea ili mwanawe apande nafasi darasani, kwa hiyo, amechagua njia ndefu, na pengine angekuwa amefanya vema zaidi kukaa naye jioni wakazungumza.

Wapo watakaosikia hayo na kuhitimisha kwamba kujitolea hakuna maana. Mimi nahitimisha kinyume chake. Ikiwa faida ya kazi hii haimwangukii hasa mtoto wa yule anayeifanya, basi ni kazi ya jumuiya, nayo inapaswa kupangwa kama kazi ya jumuiya.

Kuna simulizi ya kale inayolieleza hili vizuri kuliko tafiti zote hizo. Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, katika mlango unaohusu majirani na mali, inamkumbuka kwa wema Yoshua ben Gamla, kuhani mkuu wa karne ya kwanza, na kusema kwamba lau si yeye Torati ingesahaulika. Zamani, inasimulia, mtoto mwenye baba alifundishwa na baba yake, na asiye na baba hakujifunza. Wakaweka walimu Yerusalemu. Bado mwenye baba ndiye aliyepelekwa huko, na asiye naye akabaki. Wakaweka walimu katika kila wilaya na kuwapokea vijana wa miaka 16 au 17, lakini kijana wa umri huo mwalimu akimkasirikia humgomea na kuondoka. Ndipo Yoshua akaagiza pawe na walimu katika kila mji, na watoto waingie wakiwa na miaka 6 au 7. Simulizi hiyo inaendelea hata kwa hesabu: mwalimu mmoja kwa watoto 25, na wakifika 40 apewe msaidizi kwa gharama ya mji.

Tuisome tena polepole. Dini zote zinazofuata mapokeo ya Ibrahimu zinamtwika mzazi jukumu la kwanza la kumfundisha mtoto. Kumbukumbu la Torati inaagiza maneno ya Mungu yafundishwe nyumbani na njiani. Qurani inawaambia walioamini wajiokoe nafsi zao na ahali zao na moto. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la Oktoba 1965 kuhusu elimu, uliwaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu. Ila kwa mujibu wa simulizi hii, shule yenyewe ilizaliwa kutokana na kushindwa kwa mpango huo wa mzazi, na aliyesababisha izaliwe ni mtoto asiye na mtu. Ajabu ni kwamba karne nyingi baadaye tunaweza kuirudisha shule pale pale ilipokuwa kabla ya Yoshua, kwa mlango wa nyuma: mwenye mzazi anayejitolea huitwa jina lake na mwalimu mkuu, hupata nafasi mbele kwenye igizo, husamehewa akichelewa, na asiye na mzazi wa namna hiyo hukaa pembeni.

Hakuna anayepanga upendeleo huo. Mwalimu ni binadamu, na ni vigumu kumkemea mtoto wa mama aliyekaa naye saa tatu jana akibandika majalada. Kwa sababu hiyo hiyo, shule makini haimweki mzazi katika darasa la mwanawe, hata kama ndilo analolitaka. Wazazi wengi huuona utaratibu huo kuwa wa ukali usio na sababu. Nami nauona kuwa njia rahisi kuliko zote ya kumfundisha mzazi kwamba amekuja kwa ajili ya watoto wa wengine.

Kosa linalokwenda sambamba na hilo ni kujitolea kwa lazima. Zipo shule za dini zinazomtaka kila mzazi atimize idadi fulani ya saa kwa mwaka, na asiyetimiza alipe fedha badala yake. Watetezi wa utaratibu huu wana hoja inayostahili kusikilizwa: bila lazima, kazi zote huishia mikononi mwa wanawake wale wale watano au sita, wakachoka, na wengine wote wakanufaika wakiwa wamekaa. Ni kweli, na yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya wazazi anawajua hao watano kwa majina. Lakini lazima hiyo haimgusi kila mmoja kwa uzito mmoja. Mwenye fedha hulipa na kusahau. Mwenye kazi ya zamu, mlezi wa pekee au mwenye mgonjwa nyumbani hana saa na hana fedha, naye ndiye anayebaki na deni. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na methali hiyo ilikusudiwa kumpa heshima mwenye kidogo. Saa zikishawekewa bei, utajiri ndio unaotoa, na moyo unadaiwa.

Uingereza imelitazama jambo hili kisheria. Kanuni za udahili za shule zinazogharimiwa na serikali, zikiwamo za dini, zinakataza kumpa mtoto kipaumbele kwa msingi wa msaada wa vitendo au wa fedha ambao mzazi wake anaweza kuupa shule au taasisi iliyo na uhusiano nayo, na zinaitaja wazi mamlaka ya dini. Waliotunga kanuni hiyo walijua wanachokizuia. Pale nafasi zinapokuwa chache, huduma ya mzazi kanisani au shuleni hugeuka sarafu, na kama ilivyo kwa sarafu yoyote, hujilimbikiza kwa walio nayo tayari. Shule binafsi haibanwi na kanuni hizo, ila ingefaa ijiulize kwa nini serikali inaona hatari mahali ambapo yenyewe inaona baraka.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Kati ya kujitolea na kujitoa pana silabi moja tu, na wazazi wengi husafiri kutoka neno la kwanza hadi la pili bila shule kutambua. Mzazi hufika mara ya kwanza kwa furaha, hukuta hakuna aliyemtarajia, husimama ukumbini dakika arobaini, hupewa kazi iliyobuniwa papo hapo, na hasikii tena kutoka kwa mtu yeyote hadi barua ijayo. Au hupewa kazi moja iliyo wazi, anaifanya vizuri, kisha anaongezewa ya pili, ya tatu na ya nne, kwa kuwa amekwisha kuonekana hawezi kukataa. Mwajiri hawezi kumfanyia hivyo mtu anayemlipa, maana mkataba ungemzuia. Sadaka haina mkataba, na hapo ndipo shule ya dini inapojipumbaza: huona kwamba kwa kuwa kazi inafanywa kwa ajili ya Mungu, si lazima ipangwe kwa ajili ya mwanadamu anayeifanya.

Mapokeo yenyewe hayakuwaza hivyo. Katika karne ya 9, Ibn Sahnun, mwanachuoni wa Kairouan katika Tunisia ya leo, alikusanya hukumu kuhusu walimu wa Qurani, akaandika juu ya ujira wao, mipaka ya adhabu, zawadi na siku za mapumziko. Kazi ilikuwa tukufu kuliko zote, na bado iliwekewa mipaka, kwa kuwa utukufu wake haukuondoa haki ya mwalimu, ya mzazi wala ya mtoto. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni ya 796, inawataka wazazi washirikiane kwa karibu na walimu, kisha inaendelea kuwataka walimu wawasikilize wazazi kwa hiari, na mikutano au vyama vya wazazi vianzishwe na kuheshimiwa sana. Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo husomwa sana kwenye mikutano. Nusu ya pili ndiyo yenye kazi, kwa sababu mtu anayeombwa mikono yake lakini haulizwi maoni yake ni kibarua asiyelipwa, hata akipewa cheti chenye aya ya Maandiko.

Kuhusu vyeti nina neno fupi. Injili ya Mathayo inaonya dhidi ya kupiga tarumbeta mtu atoapo sadaka, na Qurani inawakataza walioamini kuziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na udhia, ingawa pia inasema kuzidhihirisha ni vizuri na kuzificha ni bora. Shule inayotundika majina ya wazazi waliojitolea kwa mpangilio wa saa walizotoa imechagua tarumbeta. Kumshukuru mtu kwa jina lake na kwa kazi mahususi aliyoifanya kunatosha, na kunampa zaidi ya ubao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningelitaja mwanzoni kabisa kama lisingekuwa linamfanya msomaji afunge ukurasa. Watoto wamedhuriwa katika taasisi za dini na watu walioaminiwa, na wengi wa watu hao hawakuvunja mlango, walifunguliwa. Mwaka 2002 maaskofu wa Kikatoliki wa Marekani, baada ya kashfa za Boston za makasisi waliowadhulumu watoto kingono, walipitisha mkataba wa kuwalinda watoto unaotaka historia za makasisi, watumishi na wanaojitolea kukaa na watoto zichunguzwe. Septemba 2021 tume huru ya uchunguzi ya England na Wales ilitoa ripoti kuhusu ulinzi wa watoto katika jumuiya 38 za dini, ambazo kwa jumla zilikuwa za imani nyingi tofauti, na miongoni mwa ilichokiona ni vizuizi vya ndani vya jumuiya: imani kupita kiasi kwa viongozi, aibu, na hofu ya kuichafua jina jumuiya nzima.

Mduara ule wa Coleman, unaomlinda kijana anayetoroka vipindi, ndio huo huo unaoweza kumficha mtu mwovu. Kufahamiana huzaa uaminifu, na uaminifu huona haya kuuliza. Utamwombaje mzee wa kanisa, au baba ambaye mmesimama naye safu moja kwenye sala miaka kumi, alete uthibitisho kwamba hana rekodi ya uhalifu? Jibu ni kwamba utamwomba kama unavyomwomba kila mtu, bila kumchagua, na kuanzia na mwalimu mkuu mwenyewe. Kinachomvunjia mtu heshima ni kuchaguliwa peke yake. Taratibu nyingine ni nyepesi zaidi na hazihitaji ofisi yoyote: mtu mzima asikae na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, mlango ubaki wazi au uwe na kioo, anayetembelea asaini na avae kitambulisho, na mtoto aambiwe mapema ni nani wa kumwendea endapo kuna jambo lisilompendeza. Mzazi anayechukia kuulizwa maswali haya huenda hana kosa lolote, lakini bado hajaelewa kazi aliyoiomba.

Lipo pia dhara dogo ambalo halimo katika ripoti za tume. Mzazi anayesaidia darasani hujua mambo. Hujua nani hajui kusoma akiwa na miaka tisa, nani hana viatu vizuri, nani alilia alipoulizwa habari za baba yake. Katika jumuiya ambamo shule, ibada na misiba vina watu wale wale, habari hizo husafiri kwa upole, zikiwa zimevaa joho la kuombeana: tumkumbuke mtoto wa fulani katika sala, anapata shida kusoma. Nia ni njema. Lakini mtoto huyo, mwenye mama ambaye hajawahi kupata nafasi ya kufika shuleni, sasa amefahamika kwa udhaifu wake mbele ya watu ambao hata hawamfahamu kwa jambo lingine lolote. Mzazi anayejitolea anapaswa kuambiwa siku ya kwanza, kwa maneno wazi na kwa maandishi, kwamba yaliyoonekana darasani hayatoki hata kwa njia ya dua.

Kilichobaki ni namna ya kuigawa kazi yenyewe. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyezigawa njia za wazazi kushirikiana na shule katika mafungu sita na kulifanya la kujitolea kuwa moja tu kati yake, amependekeza neno hilo lifafanuliwe upya limhusu yeyote anayeyaunga mkono malengo ya shule kwa namna yoyote, mahali popote, wakati wowote. Kwa shule ya dini ufafanuzi huo una matokeo ya moja kwa moja. Fundi anayetengeneza dawati moja usiku akiwa kwake amejitolea. Mama anayerekodi hadithi kwa sauti yake, ili watoto wasiosomewa nyumbani waisikilize maktaba, amejitolea, hata kama hajui sura ya mwalimu mkuu. Bibi anayemlea mjukuu na kumpigia simu jirani kumweleza yaliyosemwa mkutanoni amefanya kazi ambayo katibu wa shule angehitaji siku nzima kuifanya.

Shule ikianza kuandika orodha ya kazi kwa kutazama kwanza kile wanachokikosa watoto fulani, kisha ndipo itafute nani anaweza kukitoa na saa ngapi, barua yake itakuwa tofauti. Itasema kuwa wapo watoto kumi na mmoja wa darasa la tatu wasio na mtu wa kuwasikiliza wakisoma, kwamba anatakiwa mtu wa kukaa na wawili kati yao dakika ishirini kila Jumanne hadi mwisho wa muhula, mlango ukiwa wazi, na kwamba mwanao hatakuwa mmoja wao. Itaeleza nani wa kumpigia simu ikiwa siku hiyo huwezi kufika. Dua inaweza kubaki mwishoni kama kawaida.